Ufunguo wa Darasa la Nane

Juzi wanawake watatu walikuja ofisini kwangu hapa Suna, vitambaa vyeupe kichwani, viatu wameviacha mlangoni bila kuambiwa na mtu. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kwa hiyo nimezoea watu kuja na maombi: huyu anataka barua, yule anataka mtoto wake abadilishiwe darasa. Hawa walitaka chumba cha kuabudia. Darasa moja tu, siku za Jumapili, angalau mpaka mvua hizi zipungue.

"Madam, hata lile la mwisho kule karibu na choo," mkubwa wao alisema. "Tutafagia. Sisi tunafagianga vizuri."

Nikawaambia kamati ya shule ilishaamua. Hakuna ibada madarasani, ya dhehebu lolote. Sababu zipo na nyingine ni za maana: vitabu hupotea, madawati huvunjika, na ukimpa huyu, yule hununa. Nilizitaja zote kwa ile sauti yangu ya kazini. Yule mama akaitikia, "Ni sawa, Madam," akainuka taratibu huku ameshika goti, wakaenda zao. Tangu siku hiyo sina raha, rafiki yangu, na kwa kuwa hakuna hata mwalimu mmoja hapa ninayeweza kumwambia sababu, acha nikwambie wewe.

Nililelewa na nyanya, mzaa baba, katika boma lililokuwa juu kidogo ya Karungu, mahali ambapo ziwa unaliona lakini ukitaka kunawa ni lazima utembee. Baba alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alikwenda Homa Bay kushona nguo, akawa anakuja sikukuu na likizo, na kila akija alinikuta nimeongezeka urefu akalia kidogo kabla ya kucheka. Kwa hiyo harufu ya utoto wangu ni ya nyanya: moshi wa kuni, omena, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa juu ya nyavu kuukuu, na yale majani ya porini aliyochanganya na maji ya kuoga ili tusishikwe na upele.

Nyanya yangu alikuwa mtu mgumu wa kuishi naye kwa sababu moja: hakusema uongo. Alikuwa akipeleka omena sokoni, na mteja akiuliza kama ni za leo, wenzake wote wanaapa kwamba zimetoka majini asubuhi hiyo, yeye anajibu, "Ni za juzi." Mteja anapita. Tukirudi nyumbani na karai limejaa nusu, namnunia njia nzima, naye haoni kosa lake. Wageni wakija wakati hakuna chakula, watu wengine husema karibuni, chakula kiko jikoni. Yeye alisema karibuni, leo hatujapika. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yanapata moto.

Shule yetu ilikuwa na vyumba vinane, saba vya udongo na kimoja cha matofali. Hicho cha matofali kilikuwa darasa la nane. Kilikuwa na sakafu ya simiti, madirisha ya mbao, na mlango wenye kufuli, kitu ambacho madarasa mengine hayakujua. Kule kwingine milango ilikuwa matundu tu, mbuzi waliingia na kutoka wakati wa hesabu bila kuomba ruhusa.

Ijumaa mchana wasichana tulisiriba sakafu za yale madarasa ya udongo. Tulibeba kinyesi cha ng'ombe kutoka boma la jirani, tukakichanganya na maji na majivu, tukapaka kwa mikono tukirudi nyuma kinyumenyume hadi mlangoni. Bila hivyo vumbi lingetumaliza, na funza wasingetuhama miguuni. Wavulana walitakiwa kuleta maji. Walileta maji kidogo na kelele nyingi. Sakafu ikikauka ilibaki na michoro ya viganja, kama nusu miezi imepangwa, na hadi leo nikisikia harufu ya samadi mbichi najua kesho si siku ya shule.

Ubao nao ulikuwa kazi yetu. Rangi ya dukani haikuwepo. Tulizunguka maboma kuokota betri za redio zilizokufa, tukazivunja kwa mawe, tukatwanga ule ungaunga mweusi wa ndani pamoja na majani ya viazi vitamu, kisha tukapaka. Majani yakiwa machache rangi haishiki, na hilo ulilijua tu ukishaharibu. Mikono ilibaki myeusi siku tatu, na nyanya hakukuruhusu kugusa ugali mpaka uisugue kwa majivu.

Basi shule ile ilikuwa ya serikali siku tano, siku mbili ni ya Mungu. Sisi watoto hatukuwa na majina marefu ya madhehebu. Tulikuwa na watu wa Jumamosi na watu wa Jumapili, yakaisha.

Watu wa Jumamosi walikuwa wafanyabiashara wa senta na walimu kadhaa na familia zao. Walikuja na viatu vilivyong'aa, wanaume wamefunga tai kwenye joto lile la Karungu linaloyeyusha mtu. Waliimba kwa sauti nne bila chombo chochote, na sauti ya chini ikiingia ulihisi dawati linatetemeka. Hawakupika siku hiyo, kila kitu kilipikwa Ijumaa, na mchana walitandika leso kwenye nyasi wakafungua vikapu: wali, chapati, maharagwe yaliyolala. Mtoto yeyote aliyekuwa karibu aliitwa. Mimi nilihakikisha niko karibu. Nilikuwa wa Jumapili kwa kuzaliwa na wa Jumamosi kwa tumbo. Kamati ya shule iliwapa darasa la nane, maana nusu ya kamati ilikuwa ni wao wenyewe.

Watu wa Jumapili walipewa darasa la tatu. Hawa walikuwa wavuvi, wajane, wachoma makaa, na nyanya yangu. Walivaa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu, walivua viatu nje wale waliokuwa navyo, walipiga ngoma, waliwasha mishumaa juu ya madawati. Walikuwa wanaombea wagonjwa, na nyanya ndiye aliyeongoza maombi hayo. Miaka ile kazi hiyo haikuwa na likizo. Watu walirudi kutoka mijini wamekonda, wakiwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja kwa jina, na ilipofika zamu ya hospitali kusema hawana la kufanya, waliletwa darasa la tatu.

Jumatatu tulikuta nta imeganda kwenye madawati. Wadogo waliikwangua kwa wembe wakapaka kwenye rula ili zing'ae. Mwalimu wa zamu alisimama paredi akasema, "Naona jana wale wa ngoma wametuachia mishumaa tena," na shule nzima ikacheka huku ikigeuza shingo kuniangalia. Nami nilicheka pamoja nao. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko nta yenyewe.

Nilifika darasa la nane mwaka ule wa mvua za El Niño. Nilikuwa mjuzi wa hesabu na mdomo, wakanifanya kiranja. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa mtu wa Kuria, kutoka kule karibu na mpaka wa Tanzania. Kijaluo alikijua cha salamu tu, kwa hiyo na sisi na wazazi wetu aliongea Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka wazee wakawa wanakuja kumsikiliza akigomba. Kwa vile vitabu vilikuwa vinne na sisi arobaini na kitu, kila Ijumaa jioni tukishaondoka alibaki peke yake akijaza ubao mzima marudio ya mtihani, kwa chaki za rangi, ramani na kila kitu, ili Jumatatu alfajiri tuje tunakili. Akamaliza kwa kuandika kwenye kona neno USIFUTE, akalizungushia kisanduku.

Kufuli lilikuwa na ufunguo mmoja. Alinikabidhi mimi. Niliutia kwenye uzi wa nyavu, nikauvaa shingoni ndani ya nguo, nikaenda nao kila mahali, kisimani, kitandani. Jumamosi niliwafungulia watu wa Jumamosi, nao wakafunika ubao kwa shuka wasije wakaugusa, jioni nikafunga. Mwalimu alikuwa ameniambia, "Ubao ukifutwa sitamwuliza mtu mwingine, nitakuuliza wewe." Basi nikajiona mimi ndiye niliyeshika mtihani wa watu arobaini kifuani. Ukimpa mtoto ufunguo, usishangae akianza kutembea kama askari.

Mama alirudi mwezi wa tisa. Alirudi na kichwa cha cherehani kimefungwa kwa leso, na nilipoona ameleta cherehani nilielewa kwamba harudi tena Homa Bay, ingawa sikukiri. Shuleni nilisema yuko likizo. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Majirani walianza kuongea polepole wakipita mbele ya boma letu. Usiku alikohoa, mchana alikaa kivulini akanirekebishia sare, mshono mmoja, anapumzika, mshono mwingine.

Watu wa Jumapili walitaka kuja nyumbani kumwombea. Mama alikataa.

"Wakija kuniombea hapa kitandani, ni kama wananiaga," alimwambia nyanya. "Nataka niende mwenyewe. Nikae ndani ya kanisa kama watu."

Ndani ya kanisa, maana yake darasa la tatu. Hilo tu ndilo alilolitaka, na kwa wiki mbili alijilazimisha kula uji ili apate miguu ya kumfikisha. Nyanya akawaambia wenzake wafunge siku tatu. Jumapili ikachaguliwa.

Ijumaa ya wiki hiyo mvua ilinyesha kama iliyokuwa na ugomvi nasi. Jumapili asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka hadi juu ya ziwa, lakini mama alisema twende. Tulimshika mikono, nyanya huku, mimi huku. Ule udongo mweusi wa kwetu ukilowa unashika mguu kama mtu. Tulipumzika mara nne. Tulipofika tukakuta watu wa Jumapili wamesimama nje, kanzu zimelowa matope chini. Ukuta mmoja wa darasa la tatu ulikuwa umeanguka, na bati la upande huo limelalia madawati. Wakati tunautazama, mvua ikaanza upya.

Wote wakakimbilia baraza ya darasa la nane, watu wapata ishirini wamejibana ukutani. Mama akakaa kwenye kizingiti, akaegemea mlango. Nyanya akanivuta pembeni.

"Nyathina," aliniambia. Mwanangu. "Ufunguo uko wapi?"

Nimeiweka dakika hiyo mbele yangu mara nyingi. Zamani nilijiambia niliogopea ubao. Ni kweli ubao ulikuwa umejaa, na wangewasha mishumaa, wangeingia na matope, na mtu angeweza kuupitisha mgongo pale kwenye ramani. Lakini hiyo haikuwa sababu. Niliiona Jumatatu. Niliona wenzangu wakikuta nta kwenye madawati ya darasa la nane na wakigeuza shingo. Wangejua wale wa ngoma wameingia, na aliyewafungulia ni nani, na kwa ajili ya mgonjwa gani. Niliona aibu kwa ajili ya mama yangu akiwa amekaa hapo chini miguuni pangu na matope hadi magotini.

"Mwalimu aliuchukua jana jioni," nilisema. "Alienda nao senta ya Sori."

Mkono wangu ulikuwa umeshika kifua. Sikujua kama nimekishika mpaka nilipoona macho ya nyanya yameshuka hapo. Aliniangalia muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. Kisha akageuka kwa wenzake, na kwa sauti ile ile aliyotumia kusema omena ni za juzi akawaambia, "Mwalimu ameenda Sori na ufunguo. Tutaomba hapa hapa."

Wakaomba hapo hapo. Upepo wa ziwa uliingiza mvua ndani ya baraza, mishumaa ikakataa, wakaacha kuiwasha. Ngozi ya ngoma ilikuwa imelowa na ilitoa sauti ya kitu kinachopigwa chini ya maji. Walimzunguka mama wakamwekea mikono, wale waliokuwa nje ya mzunguko mvua ikiwapiga mgongoni. Mama alijaribu kuimba nao. Kila kikohozi kilipomshika, mlango ulitikisika, na kufuli likacheza juu ya kichwa chake. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Ningeweza kusema bado. Ningesema nimekosea, mwalimu aliurudisha, nimesahau. Nilihesabu nyimbo, nikajiambia baada ya huu nitasema, na nyimbo zikaisha.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilianzia kwenye ile baraza na nilirudi nayo hadi nyumbani nimemshika mama mkono, amelowa, anatetemeka, ananiambia nisijali.

Jumatatu nilifungua mlango alfajiri. Dirisha la upande wa ubao nilikuwa nimesahau kulitia komeo Jumamosi jioni. Mvua ilikuwa imeingia usiku na mchana. Rangi yetu ya betri, ambayo safari hiyo tulikuwa tumeipunja majani, ilikuwa imeteremka yote, mistari myeusi ukutani hadi sakafuni, na maandishi ya mwalimu yameteremka nayo. Ramani hakuna. USIFUTE hakuna. Mwalimu aliingia, akasimama, akaniangalia mimi na dirisha, akaguna. "Haya," alisema, "nendeni mkatafute betri." Hakunipiga hata kiboko kimoja. Nilitamani anipige.

Sisemi ni mvua ile iliyomuua mama. Nimeshazika watu wengi tangu siku hizo na najua alikuwa anakwenda. Lakini hakutoka tena nyumbani. Maombi mengine yote alifanyiwa kitandani, vile alivyosema hataki, na kila walipoingia na kanzu zao nyeupe aligeuza uso ukutani kidogo kabla ya kuwasalimu.

Siku moja jioni nilikuwa napiga pasi sketi yangu ya shule kwa mkono, naiweka chini ya godoro la mama ili inyooke, ndipo akaniambia, "Yule mwalimu wenu, usimchukie. Watu husahau. Hakujua kama kuna mtu atahitaji ufunguo." Akapumzika. "Mimi nimeshamsamehe."

Nyanya alikuwa anakoroga uji hapo hapo mekoni. Hakugeuka. Mwiko tu ndio uliosimama, kisha ukaendelea. Nami nikasema, "Ndiyo, mama."

Alikufa zikiwa zimebaki siku tisa nifanye mtihani.

Siku ya mazishi mwalimu alikuja na wanafunzi wamebeba madawati ya darasa la nane kichwani, msururu mrefu kutoka shuleni hadi bomani kwetu, wageni wapate pa kukaa. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Watu wa Jumamosi walikuja wakaimba zile sauti nne zao, watu wa Jumapili wakapiga ngoma, na kwa mara ya kwanza niliwasikia wakisubiriana. Baada ya kuzika mwalimu alikuja kumpa nyanya mkono. Nilikuwa nimekaa miguuni pa nyanya.

"Mama, pole sana," alisema. "Nasikia siku ile ya mvua mliombea nje. Kwa nini hamkuniambia? Ningesema mfunguliwe, hata mngekaa wiki."

Watu walikuwa wamejaa pale, mashangazi, wajomba, kanisa lote.

Nyanya akamwangalia usoni. "Ulikuwa umeenda Sori, mwalimu," alisema polepole. "Na ufunguo."

Mwalimu akanitazama mimi, na uzi wa nyavu ulikuwa unaonekana kwenye shingo yangu, maana siku hiyo nilivaa nguo ya kuazima iliyokuwa na shingo pana. Sijui alisoma nini. Najua tu kwamba Jumapili ile hakuwa Sori, alikuwa kwao Kuria, na kila mwalimu mwenzake alijua.

"Kweli, mama," alisema. "Nilikuwa Sori. Nimekosa. Mnisamehe."

Watu waliokuwa karibu wakatikisa kichwa. Mjomba mmoja akasema kitu kibaya kwa Kijaluo kuhusu walimu wa kigeni. Mwalimu alielewa au hakuelewa, sijui. Alikunja kofia yake akaenda kusaidia kuhesabu madawati.

Nilifanya mtihani. Nilipita, nikaitwa sekondari, na baadaye chuo cha ualimu. Kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Nyanya alipokuwa amelala kitandani miezi yake ya mwisho, macho yamekwisha lakini ulimi bado, nilikuwa nimeshaanza kufundisha, nikaenda nikakaa naye wiki nzima. Siku ya nne nikamwambia. Nilimwambia kwa kulia, kama mtoto, kwamba ufunguo nilikuwa nao.

"Niliuona uzi," alisema.

"Sasa mbona hukusema, dani, nyanya yangu?"

"Ningesema, mama yako angejua. Angekufa na kinyongo na mtoto wake. Nani angekitoa?" Alinyoosha mkono akatafuta kichwa changu. "Kinyongo cha mzazi hakizikwi, nyathina. Kingekufuata hata kwa watoto wako. Afadhali mimi niende na uongo."

Kwetu jambo hilo ni zito. Mzazi akiondoka moyo wake umekunjamana juu ya mtoto, mtoto hanyooki. Nyanya aliona uzi, akapima, na mbele ya watu aliowafungisha siku tatu akachagua kusema lisilokuwepo. Mwalimu ambaye hata hakujua mila zetu vizuri alimtazama mwanamke mmoja mzee akajua anaombwa nini, akabeba lawama. Sikuwahi kumshukuru. Alihamishwa mwaka uliofuata, na habari zake za mwisho nilizipata zikiwa tayari ni za kaburi.

Nilipita kule mwaka jana. Shule yote sasa ni ya mawe, ina ua na lango na mlinzi anayekuandika jina. Watu wa Jumamosi wana kanisa lenye vigae juu. Wa Jumapili wamebaki wachache, wana banda lao la mabati kando ya barabara, na spika mbili mahali pa ngoma. Hakuna anayesiriba sakafu, hakuna anayejua betri ya redio ilikuwa na kazi baada ya kufa. Watoto wa Jumamosi na wa Jumapili hawapeani tena chapati zilizolala, kila mmoja yuko nyuma ya ua wake. Darasa la nane la matofali lilibomolewa zamani. Pale ilipokuwa baraza wamepanda maua. Nilisimama hapo mlinzi akidhani natafuta mtu.

Ningekuwa natafuta mtu, angekuwa mama. Nyanya aliniokoa nisichukiwe naye, mwalimu akaniokoa na aibu mbele ya watu, na nawashukuru, na baraka zake nilikwenda nazo hadi hapa nilipo. Lakini kabla ya kufa alimsamehe mwalimu. Mimi hakunisamehe, kwa kuwa hakujua kuna la kunisamehe.